Maelezo kuhusu Gari la Mkunga Lililokutwa Bila Gurudumu la Mbele

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: Mwanamke, anafahamika kwa jina la Mama Upepo
Umri: Miaka 47
Kazi: Fundi wa matairi, kwa miaka ishirini na miwili
Makazi: Nyumba iliyo nyuma ya karakana yake, mkabala na kituo cha mafuta cha njia panda
Yameandikwa: Alhamisi tarehe 19 Juni, kuanzia saa nne asubuhi, dawati la malalamiko, kituo cha polisi

Nimeelezwa kwamba niseme ninayoyajua mwenyewe na siyo ya kusimuliwa, na kwamba nikidanganya kwa makusudi ninaweza kushtakiwa. Nimeelewa. Ninaeleza nikiwa na akili timamu, nimekula na nimelala vizuri, jambo ambalo Jumamosi iliyopita sikulitegemea.

Mnamo Jumatano tarehe 11 Juni, saa tatu na robo asubuhi, alifika karakanani kwangu mkunga wa zahanati ya mlimani akiwa na mume wake, mwalimu wa hesabu. Mkunga ninamfahamu kwa sababu ndiye aliyemzalisha binti yangu. Mume wake nilikuwa ninamwona siku hiyo kwa mara ya kwanza. Walikuja na gari dogo la mkunga, ambalo walilinunua kwa mtu miezi miwili iliyopita. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na rimu nne mpya za kung'aa, za inchi kumi na sita, zimefungwa kwenye mablanketi kama watoto wachanga. Mwalimu alisema ni zawadi kwa mke wake, na kwamba anataka zivishwe matairi mapana, namba 225/55, yale aliyoyaona kwenye gari la mwalimu mwenzake.

Afande ameniuliza maana ya namba hizo. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni urefu wa ukuta wa tairi, unaohesabiwa kama asilimia ya huo upana. Ya mwisho, inayofuata herufi R, ni kipimo cha rimu kwa inchi. Gari lile lilitoka kiwandani na rimu za chuma za inchi kumi na tano na matairi 185/65.

Nilimwambia mwalimu kwamba matairi anayoyataka ni makubwa kwa gari hilo. Alijibu, "Tairi pana linashika barabara." Nikamwambia, "Hili litashika madgadi kwanza." Hakucheka. Mke wake alicheka.

Sikutaka ubishi. Nilichukua tairi moja la kipimo hicho, nikalivisha rimu moja na kuifunga mbele kushoto, nikashusha jeki, nikamwomba mkunga akae ndani na kukata usukani mpaka mwisho. Lilisugua madgadi, lile bati linalofunika gurudumu, kwa sauti ambayo hata mtu wa kituo cha mafuta aligeuka kutazama. Mkunga akatoa kichwa dirishani akamwambia mumewe, "Baba, mimi nataka gari la kunifikisha. La kupiga nalo picha tutatafuta jingine."

Ndipo nikachukua chaki nikaandika ukutani. Tairi la zamani, ukijumlisha rimu na kuta zake mbili, juu na chini, lina kimo cha milimita mia sita ishirini na moja. Alilolitaka mwalimu lina mia sita hamsini na nne. Nikaandika 195/55 kwa rimu ile ile ya kumi na sita: mia sita ishirini na moja. Nikamweleza kwamba kimo kikibaki kile kile, saa ya mwendo haidanganyi, tairi halisugui, na spea ya zamani bado itakuwa sawa na wenzake. Mwalimu alisimama mbele ya ukuta akirudia hesabu kimyakimya. Kisha akasema, "Iko sawa," kwa sauti ya mtu anayetoa alama asizotaka kutoa.

Nilimwonya mkunga jambo moja. Ukuta wa tairi jipya ulikuwa umepungua kwa upana wa kidole, kwa hiyo kwenye njia ya mawe asipige mawe kwa kasi. Alisema amesikia.

Matairi yote manne yalikuwa tayari saa nne na dakika ishirini. Nikatoa spea kwenye buti. Mkunga alisema amechelewa, ana kliniki ya wajawazito. Mwalimu alisema spea ni ya gari lenyewe, haina haja ya kujaribiwa. Nilikaribia kuwaachia waende. Ninasema ukweli, afande, mkono wangu ulikuwa tayari kwenye mlango wa buti. Ila mimi spea siiamini mpaka niione imekaa mahali pake, basi nikawaambia wanipe dakika tano.

Nyuma ilikaa vizuri. Mbele ilikataa. Aliyewauzia gari alikuwa amebadilisha breki za mbele na kuweka kubwa zaidi za gari jingine, na rimu ya chuma ya inchi kumi na tano ilikwama kwenye chuma cha breki. Mwalimu aliinama akajaribu kuizungusha kwa mikono miwili. Haikuzunguka.

Niliwaambia dawa yake ni rimu ya tano ya inchi kumi na sita, iwe ndiyo spea. Mwalimu alisema alipozinunua zilikuwa nne tu. Nikasema nitaitafuta. Wakati huo huo nilimfundisha mkunga la kufanya. Tairi la nyuma likipasuka, afunge spea pale pale. La mbele likipasuka, aanze nyuma: atoe gurudumu zima la nyuma, spea ikae mahali pake, halafu lile zima alihamishie mbele. Pia nati hazifanani. Rimu za kung'aa zina nati zake na rimu ya chuma ina zake, na ukichanganya gurudumu hulegea njiani. Nati nne za rimu ya chuma nilizitia kwenye kifuko, nikakifunga kwa waya kwenye tundu la spea.

Mimi simfundishi mtu kwa mdomo. Nilimpa jeki na spana, akafanya kazi yote kwa mikono yake mara moja. Mwalimu alikuwa anataka kumsaidia, nikamzuia. Alitumia dakika ishirini na moja. Kisha nikayarudisha magurudumu mahali pake, wakaondoka saa tano na nusu. Mwalimu hakuniaga.

Mnamo Jumamosi tarehe 14 Juni, saa tatu na nusu asubuhi, nilikuwa ninaziba pancha wakati gari la polisi liliposimama mbele ya karakana. Alishuka sajenti, akafuatiwa na konstebo na mwalimu. Mwalimu alikuwa amevaa viatu visivyofanana. Alininyooshea kidole akasema, "Ndiye huyu. Mwulizeni mke wangu yuko wapi."

Sajenti alinieleza kwamba mkunga alitoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwenda kazini na hakufika. Dereva wa lori alilikuta gari lake kwenye barabara ya mlimani, limepandishwa kwenye jeki, halina gurudumu la mbele kushoto, na pembeni yake kuna damu. Aliita, hakuitikiwa, akashuka hadi kituoni kutoa taarifa. Simu ya mkunga ilikuwa haipatikani. Mwalimu alikuwa amefungua malalamiko dhidi yangu, kwamba nilimwekea mke wake matairi yasiyofaa.

Nilikumbuka ule ukuta uliopungua kwa upana wa kidole. Niliambiwa nipande gari nikalitazame gurudumu, nikapanda, na vifaa vyangu nikavichukua bila kujua ninavichukulia nini. Njia nzima nilikuwa ninajiambia kwamba kama amekufa basi mimi ndiye niliyelichagua lile tairi, na hesabu zote za chaki hazitanisaidia.

Tulifika saa nne na dakika arobaini. Mahali penyewe ni kwenye kona, upande mmoja ukuta wa mlima na upande wa pili mteremko wenye majani marefu. Damu ilikuwa kidogo, matone na alama ya kiganja kwenye mlango wa nyuma. Mwalimu alikaa chini barabarani. Sajenti alimtuma konstebo aende na gari hadi kwenye zahanati ya mlimani kuuliza, sisi tukabaki.

Nilianza na gurudumu lililopasuka. Lilikuwa limelazwa chini ya gari, kama nilivyomfundisha, ili jeki ikiteleza gari lisianguke lote. Ukuta wake ulichanwa na jiwe lenye ncha, na jiwe lenyewe lilikuwa hatua kumi nyuma. Rimu haikupinda. Maana yake alikwenda polepole na alisimama bila kuyumba. Nilipoona hivyo nilivuta pumzi kwa mara ya kwanza tangu karakanani.

Nikaenda nyuma. Spea ilikuwa imekaa nyuma kushoto, imefungwa kwa nati zake za chuma. Nilizijaribu kwa spana na hakuna iliyocheza. Gurudumu zima alikuwa ameshalihamishia mbele, limeegemea mlango. Nati zake nne zilikuwa zimepangwa kwenye kitambaa chake cha kichwa, juu ya jiwe bapa. Kilichokuwa kimebaki ni kulipachika tu.

Nilimwita sajenti nikamwambia, "Huyu hakuchukuliwa na mtu. Huyu ameitwa." Akaniuliza nimejuaje. Nikamwuliza mwalimu mke wake hubeba nini kwenye gari. Alisema, bila kuinua kichwa, kwamba kiti cha nyuma huwa na mkoba wa kazi na shuka mbili safi. Nikamwonyesha sajenti kiti cha nyuma. Hakukuwa na mkoba wala shuka. Nikamwuliza, "Mwizi gani anaacha rimu mpya nne anaondoka na shuka na mkoba wa glovu?"

Sajenti aliniangalia, kisha akaliangalia gari. Akashuka kwenye majani, mimi nikafuata. Hatua kama ishirini chini kulikuwa na karatasi ya glovu, imechanwa na kutupwa. Majani yalikuwa yamelala kuelekea bondeni. Huko chini kulikuwa na kibanda cha matofali cha pampu ya maji, injini inanguruma kiasi kwamba ukiita hujisikii mwenyewe. Mwalimu alitupita mbio. Sikujua mtu anaweza kukimbia hivyo na viatu viwili tofauti.

Tulimkuta mkunga mle ndani, amepiga magoti kwenye sakafu ya zege. Mbele yake alilala mwanamke kijana juu ya shuka, na mkono wa mkunga ulikuwa tumboni kwake unabonyeza. Ukutani alikaa mama mmoja wa makamo, mtoto mchanga amemfunika kifuani kwa nguo yake mwenyewe. Huyo alikuwa mama mkwe wa yule mzazi. Walikuwa wamepanda kwa miguu kutoka shambani kutafuta usafiri, wakamkuta mkunga anabadilisha gurudumu, yule mzazi ameshaanza kutoka damu, na mtoto hakusubiri nati nne zilizobaki, ndipo mkunga akawashusha kwenye paa lililokuwa karibu.

Mwalimu alisimama mlangoni akasema, "Mbona simu hupokei?" Mkunga hakugeuka. Alisema, "Imeisha chaji. Njoo ushike taa." Mwalimu akaenda, akashika tochi. Alikuwa analia na taa inatikisika. Mkunga akamwambia, "Baba, taa," ikatulia.

Mkunga alitueleza kwa maneno machache. Mtoto amezaliwa saa mbili, analia kwa shida. Mama amepoteza damu nyingi, na kila anapotoa mkono, damu inarudi. Asingeweza kumwacha hata kwa dakika ya kupanda barabarani. Lori walilisikia, lakini walipoita, kelele za pampu zilimeza sauti zao. Anatakiwa hospitali kubwa sasa, siyo baadaye.

Gari la polisi lilikuwa limepanda mlimani na redio ya sajenti ilikuwa inakoroma tu. Mkunga akaniangalia mimi. Akasema, "Lile langu limebakiza nini?" Nikasema, "Nati nne. Nipeni dakika tano."

Nilipanda ule mteremko. Nina umri wa miaka arobaini na saba na magoti yangu yote mawili ni mabovu, lakini nilipanda. Nililipachika gurudumu, nikaingiza nati kwa vidole kwanza, moja moja kwa kukingamana, halafu spana. Nati ya tatu iliniponyoka. Niliikuta kwenye majani. Nilishusha jeki nikakaza tena kwa uzito wangu wote. Nikalizunguka gari nikajaribu nati za magurudumu yote manne, pamoja na yale ambayo hayakuguswa. Najua muda ulikuwa mchache. Nisingeweza kufanya vinginevyo.

Sajenti na mwalimu walimbeba mzazi kwenye shuka. Mikono ya mwalimu haikufaa kushika usukani na sajenti alitakiwa kumsubiri konstebo, basi niliendesha mimi. Leseni yangu imekaguliwa leo na ni hai. Mbele alikaa mama mkwe na mtoto. Nyuma alilala mzazi, mkunga amechuchumaa pembeni yake, na mwalimu amejibana kwenye mlango akiwa ameinua miguu ya yule mama na kuiweka mapajani mwake, kama alivyoelekezwa.

Tuliondoka saa tano na dakika kumi na tano. Spea ilikuwa nyembamba kuliko wenzake lakini kimo kilikuwa kimoja, kwa hiyo gari halikuvutia upande wowote. Nilikwenda kwa mwendo wa hamsini kwenye mawe na sabini kwenye lami. Kila baada ya muda mkunga alisema, "Yupo," nasi tunaendelea. Mwalimu aliuliza mara moja kama ninaweza kuongeza mwendo. Nikamwambia hapana. Akasema, "Sawa, fundi." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo.

Karibu na mwisho wa barabara ya mawe kuna mahali penye matuta madogo mfululizo. Gari lilitetemeka lote, na mtoto, ambaye mpaka hapo alikuwa anatoa sauti kama ya mlango usiotiwa mafuta, akaanza kulia kwa nguvu. Mama mkwe akamwambia, "Lia. Lia mpaka uchoke, bibi yako anakusikia." Mkunga nyuma akacheka, kisha kwenye kioo nilimwona anajifuta uso kwa bega kwa sababu mikono ilikuwa na kazi.

Tulifika hospitali saa sita na dakika tano. Walimpokea mlangoni. Saa saba na nusu alitoka daktari akasema mama ameongezewa damu, damu imesimama, na mtoto ni wa kike, kilo mbili na nusu, ananyonya. Mama mkwe alikaa kwenye benchi akavua viatu, akatazama miguu yake kama anaiona upya.

Nilikwenda kwenye bomba la uani kunawa grisi. Nililia hapo. Afande ameniuliza kwa sababu gani. Tangu asubuhi nilikuwa nimebeba maiti ya mtu kichwani, na mtu mwenyewe alikuwa hai ndani, anadai chai.

Mwalimu alinifuata pale bombani. Akasema, "Fundi, nilikuja kwako ili nikufunge." Nikasema, "Najua. Ulichelewa kidogo tu, nilikuwa nimeshajifunga mwenyewe." Akanifungulia bomba ambalo tayari lilikuwa wazi.

Nimeulizwa kama ninajiona nina kosa. Ninalo moja. Niliwaacha waende bila rimu ya tano, wakati nilijua kabisa spea ile haiingii mbele. Nilimfundisha mama wa watu kuhamisha magurudumu mawili barabarani peke yake, badala ya moja. Mkunga anasema ingekuwa moja angekuwa ameshaondoka, na yule mzazi angelikuta kona tupu. Hayo ni ya kwake. Jumatatu nilizunguka karakana sita nikaipata rimu ya tano, nyeusi, ya kipimo kile kile na matundu yale yale. Nimeivisha 195/55 na kuijaribu pembe zote nne za gari, mbele na nyuma, mkunga akiwepo. Inazunguka.

Nimeulizwa pia kama nina malalamiko dhidi ya mwalimu. Sina. Mke wake alikuwa hajulikani alipo, na mimi ndiye niliyekuwa nimeligusa gari lake mara ya mwisho. Ningekuwa yeye ningekuja na viatu vibaya zaidi.

Jumamosi ile nilirudi karakanani saa kumi jioni. Madereva wawili walikuwa wananisubiri. Niliwaambia leo sifungui hata nati moja, nikaingia ndani nikalala na nguo za kazi.

Ninayoyajua yameishia hapo. Nimesomewa maelezo haya kwa sauti, nimeomba neno moja lirekebishwe na limerekebishwa, na ninayakubali kuwa ni yangu.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa, pamoja na alama ya kidole gumba cha kulia)

MAELEZO YA AFISA

Nimeandika maelezo haya mimi, koplo wa dawati la malalamiko, kwa lugha ambayo shahidi anaielewa, bila kumshurutisha. Yamemalizika saa sita kasoro robo mchana. Yanalingana na ya sajenti, ya mkunga na ya dereva wa lori. Mlalamikaji, mwalimu, ameyaondoa malalamiko yake kwa maandishi jana tarehe 18, na mke wake ameripoti kituoni mwenyewe, hivyo hakuna mtu anayetafutwa.

Saa tano asubuhi, wakati shahidi akiendelea kueleza, mzazi aliyetajwa aliruhusiwa kutoka hospitali, akapitia kituoni na mama mkwe wake kumwona shahidi. Nilisimamisha uandishi kwa dakika kumi na mbili. Shahidi alimpakata mtoto. Mtoto alikuwa amelala.

Jalada limefungwa.